Koti la Nta la Baba Emanueli Lilivyonipeleka Balangdalalu

Wenzangu wa jumuiya, mmeniuliza mmoja mmoja, kisimani, kanisani, hata kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Kila nikisimulia, mnaniongezea mambo ambayo hayakuwepo. Juzi nimesikia eti nilianguka kwenye lori. Sikuanguka. Nimeona niandike mwenyewe kwa mkono wangu wa darasa la nne, na majina ya watu nimeyaweka yote, kwa sababu sijasahau hata moja.

Kilichonitoa nyumbani mnakijua nusu. Nusu nyingine ni hii.

Baba Emanueli, mume wangu, ana koti la nta. Msilifikirie kama yale makoti ya mvua ya plastiki. Hili ni pamba nzito iliyonyweshwa nta, maji yakidondoka juu yake yanaviringika na kuanguka kama kwenye jani la gimbi. Lina rangi ya majani makavu, kola ya kodrai na zipu ya shaba. Nyinyi mnajua mvua ya hapa kwetu Daudi na ule ukungu wake. Tangu apate koti hilo, kile kifua chake kilichokuwa kinamlaza kila masika kikanyamaza.

Akaja Veronika, mke wa Emanueli wetu. Emanueli ni mtoto wa mwisho, na kwetu wa mwisho ndiye anayebaki na wazazi. Kwa hiyo mke wake ndiye atakayetufunika blanketi siku hatuwezi kujifunika wenyewe. Binti ana adabu. Akaliona koti la baba mkwe limeshika tope, limekuwa jeusi, ukiligusa linanata. Akaona aibu kwamba mzee anatembea na uchafu wakati yeye mkamwana yupo. Akachemsha maji, akamwaga sabuni ya unga, akalisugua juu ya jiwe kwa nguvu zote. Koti likatoka safi, laini, limepauka kama dekio.

Mvua iliyofuata, Baba Emanueli alirudi kutoka kwa ng'ombe amelowa mpaka fulana. Alichukua mafuta ya kondoo, yale ya mkia, akalipaka koti mbele na nyuma, kama mama zetu walivyokuwa wanapaka ngozi walizovaa. Akalitundika stoo. Usiku huo panya walisherehekea. Walikula mfuko wa kulia na kipande cha pindo.

Sasa ndipo alipogomba, na hakuwagombeza panya. Alisema mbele ya wazee waliokuja kunywa pombe kwetu: "Mwanamke huyu ataifua nyumba hii mpaka zibaki fito."

Wazee wakacheka. Veronika akawahudumia wote mpaka wa mwisho, akaosha vikombe. Kulipokucha akachukua begi lake, akaenda kwao Balangdalalu.

Emanueli alimfuata, akarudishwa kutoka mlangoni. Aliambiwa alete mtu mzima. Baba mkwe naye kwa desturi yetu hamfuati mke wa mwanawe, hata nyumba ikiwaka moto. Mnahesabu waliobaki? Nimebaki mimi.

Nililikunja koti nikalitia kwenye mfuko. Baba Emanueli alikuwa anapukuchua maharage.

"Unalipeleka wapi?"

"Kwa waganga wa makoti."

"Masika haya, mimi nichungie nini?"

"Chungia huo mdomo wako," nikamwambia, nikatoka.

Daudi mpaka Mbulu mjini

Nilipanda Noah, gari la abiria la kijana Safari, mtoto wa marehemu Theresia wa bondeni. Tulikuwa tumejaa. Hatujafika mbali, mama mmoja aliyebeba kuku akaanza kunusa.

"Jamani, kuna mtu amebeba mbuzi?"

"Ni kondoo," nikasema.

"Yuko wapi?"

"Ni koti."

Walicheka mpaka Safari akapunguza mwendo. Yule mama, anaitwa Filomena, mwenyeji wa kule juu kwenye msitu, akaniuliza kwa nini nalipeleka mjini badala ya kulizika. Nikamweleza yote, mpaka lile neno la fito. Hakucheka tena. Alisema na yeye aliwahi kuambiwa neno na baba mkwe wake, neno dogo tu kuhusu chumvi, na mpaka leo akitia chumvi kwenye mboga anaonja mara tatu. Alinipa yai la kuchemsha. Sikumwomba.

Mjini nililipeleka koti kwa fundi viatu wa stendi, maana yeye anajua ngozi na turubai. Anaitwa Petro, ana jicho moja bovu. Aliligusa kwa kidole, akakinusa kidole.

"Mama, hili limeuawa mara mbili."

"Lina dawa?"

"Aliyeliuza ndiye anayelijua. Lilitoka wapi?"

Nilijua lilikotoka. Nilikuwepo siku hiyo.

Dongobesh, kwa Mzee Shabani

Koti lile lilitoka kwenye belo la mitumba la Mzee Shabani, siku ya mnada, Dongobesh. Baba Emanueli alilishika akalirudisha haraka, akasema lina mafuta, lilikuwa la fundi gari. Mzee Shabani hakubishana naye. Alikuwa anakunywa chai. Akalilaza koti mezani, akamimina chai yake ya moto kwenye mkono wa koti, na chai ikaviringika ikaanguka chini yote. Baba Emanueli alitoa hela hapo hapo, hakuuliza tena.

Sasa hivi Mzee Shabani hatembei minadani, miguu imevimba. Ana duka la vyombo na nguo karibu na msikiti, na mkewe Bi Mwanahawa ndiye anayepima na kupokea hela. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni.

"Mama Emanueli! Za Daudi? Mzee hajambo?"

"Hajambo, ila koti lake ni mgonjwa."

Nilipolitoa, Bi Mwanahawa alirudi nyuma hatua moja akajifunika pua na mtandio. Mzee Shabani alilifungua magotini. Alilichungulia ndani, akakuna pindo kwa kucha, akaangalia pale panya walipokula. Nikamsimulia habari ya sabuni, kichwa changu nimekiinamisha kidogo, maana nilikuwa namtetea mtoto wangu Veronika.

"Mama, sabuni haijaliua," akasema. "Sabuni imetoa nta, na nta inarudishwa. Mimi nikipata koti kama hili limechafuka sana nalifuta kwa maji baridi na kitambaa tu. Lakini likishafuliwa, limefuliwa, unalipaka upya. Hakuna msiba hapo. Haya mafuta ya mnyama ndiyo yamelileta kwa panya. Nani alipaka?"

Nikajifanya natafuta kitu kwenye mfuko.

Bi Mwanahawa akacheka ndani ya mtandio. "Mzee mwenyewe huyo! Mwanamke gani apake koti mafuta ya kondoo?"

Mnanielewa? Nimekaa na mume wangu miaka yote hiyo, na nilikuwa nimebeba kosa lake kwenye mfuko nikidhani ni kosa la binti. Na yeye alikuwa anapukuchua maharage.

Mzee Shabani alinifundisha taratibu, akanirudisha kila niliporuka hatua. Kwanza toa mafuta: tandaza koti juani, nyunyizia majivu makavu yaliyochekechwa, yaache yanywe mafuta, kung'uta, rudia. Halafu chukua nta ya nyuki, mshumaa mweupe na mafuta ya alizeti, weka kwenye kopo, na kopo liweke ndani ya sufuria ya maji ya moto. Usiliweke kopo juu ya moto wenyewe, litawaka. Koti lipate joto la jua kwanza, ndipo upake kwa kitambaa, kidogo kidogo, na kwenye mishono uzidishe. Kola usiguse. Bitana usiguse. Mwisho unapitisha pasi ya mkaa juu yake bila kuligusa, ili nta iingie ndani ya uzi.

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo litundikwe, lisikunjwe. Mbali na jiko. Tope likikauka, brashi. Na sabuni ikae mbali nalo, hata ya kuogea."

Nta alinipa kipande kizuri, cheusi kidogo, chenye harufu ya moshi. Bi Mwanahawa akanifungia wali na maharage kwenye bakuli, akaniambia bakuli nirudishe nikipita. Nimelirudisha, kwa wale mnaouliza.

Lori la vitunguu saumu

Gari la kushuka Dareda lilikuwa limeharibika. Abiria tulikaa barazani mpaka watu wakaanza kugombana bila sababu. Mwisho dereva wa lori la vitunguu saumu, Josefu, akakubali kunichukua mbele. Harufu ya mfuko wangu haikumpa amani hata kidogo. Akasimamisha lori.

"Bibi, shikamoo tena, lakini huo mzigo uende nyuma."

"Marahaba. Hautakwenda nyuma. Ukiibiwa sitarudi nyumbani."

"Nani aibe hiyo?"

Tulielewana kwamba koti lifungwe juu ya magunia, na kamba nimeikagua mwenyewe. Pale mlimani tulishuka ndani ya ukungu mzito, Josefu anapiga honi kila kona. Lori likateleza, tairi la nyuma likaingia mtaroni. Tukasimama. Josefu na utingo wake, Damiani, walikata majani na kuweka mawe, mimi nilishuka nikatafuta mawe na mimi. Damiani akaniambia, "Bibi kaa, utachoka." Nikamwambia mimi nimebeba mawe ya msingi wa kanisa la kigango kabla mama yake hajazaliwa, akae yeye. Lori lilitoka. Huko chini jua lilikuwa kali, na juu yetu koti likaanza kupokea harufu ya vitunguu saumu. Kondoo na vitunguu saumu. Josefu akasema sasa linafaa kuliwa.

Katesh

Katesh nilishuka na njaa. Niliingia hoteli ya mama mmoja anaitwa Zainabu, nikaagiza ugali na mchuzi wa nyama, mfuko nikauweka chini ya meza. Mbwa wakaja mlangoni. Kwanza mmoja, halafu wengine. Dada mhudumu akawafukuza kwa ufagio, wakarudi.

Zainabu akanijia, akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Mama shikamoo. Unayo mafuta ya kondoo?"

"Marahaba. Ninayo, lakini..."

"Mwanangu anakohoa. Nitilie kijiko tu."

Nilimwambia hayatoki. Akadhani namringia. Dada mhudumu naye akasema bibi yake ana magoti, kama naweza kumwekea kidogo. Mteja wa meza ya pili akageuka akauliza kama nina ya simba pia. Ilibidi nilitoe koti hapo mezani. Waliliangalia, wakaangaliana, halafu Zainabu akakaa chini kwa kucheka. Mchuzi aliniongezea.

Fundi cherehani mmoja, Rajabu, hakukubali kulitia koti chini ya mashine yake. Alisema mafuta yale yataingia kwenye meno ya cherehani, na harusi ya Jumamosi ina magauni meupe. Sikumlaumu. Alinikatia kipande cha turubai la kijani la kubandika mfukoni, akanipa uzi wa nta na shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, akasema nishone kwa mkono, ndiyo inayodumu.

Niliingia Jorodom, chini ya mlima Hanang', kuwasalimu jamaa zangu, kina Magdalena. Nyumba yao ya zamani ilikwenda na tope lililoporomoka mlimani, sasa wanaishi kwenye nyingine. Wingu likishika Hanang', Magdalena anaacha anachofanya anaangalia juu, halafu anaendelea. Alinisikiliza yote, akasema kitu kimoja: "Mrudishe binti. Nyumba ikikosa mtu si nyumba." Sikukaa sana.

Balangdalalu

Bodaboda alinishusha kwenye mashamba ya alizeti ya Mzee Tluway, baba yake Veronika. Mama Veronika alinipokea vizuri, akanipa maziwa mgando kwenye kibuyu. Veronika alinisalimu kwa magoti, shikamoo mama, akaenda jikoni. Hakuniangalia machoni.

Mzee Tluway alikaa mbele yangu.

"Mama Emanueli, karibu. Umekuja na neno gani la mwenzako?"

Sikuwa na neno. Nilitoa koti, nikaliweka mbele yake.

"Masika haya yuko na ng'ombe huko Daudi, na koti lake liko hapa. Hilo ndilo neno lake."

Aliligeuza upande huu na huu. Nilidhani nimeshinda.

"Koti halina mdomo," akasema. "Binti yangu alitukanwa na mdomo, mbele ya watu."

Na alikuwa na haki. Nikamwambia basi tuliponyeshe kwanza, maneno yatafuata. Nikamwita Veronika jikoni.

"Mama, mimi silishiki tena hilo."

"Utalishika. Sabuni haikuliua. Mafuta ndiyo yameliua. Nani alipaka mafuta?"

Akainua uso. Hapo ndipo aliponiangalia.

"Baba alipaka," akasema polepole.

"Sema kwa nguvu, mama yako hajasikia."

"Baba alipaka!"

Mama Veronika akaweka mkono mdomoni asicheke, akashindwa.

Tulilitandaza juani juu ya mkeka. Veronika alichekecha majivu, akanyunyizia kama anavyonyunyiza unga, akakung'uta, akarudia mpaka majivu yakatoka makavu. Harufu ikapungua. Mfuko alishona yeye, mishono midogo, amebana midomo, na pindo nikashona mimi. Siku ya kupaka nta tulilisubiri jua. Lilichelewa, tukasimama pale uani na kopo la moto, wanawake watatu tunaangalia mawingu. Lilipotoka tulikimbizana. Mimi nayeyusha, Veronika anapaka, Mama Veronika anapitisha pasi ya mkaa juu juu. Veronika alinifokea mara moja, "Mama, umegusa kola!" akashtuka mwenyewe kwamba amenifokea. Nilifurahi sana. Mkamwana anayeogopa hafoki.

Mvua ilikuja jioni kabla ya giza. Veronika alivaa koti, akasimama katikati ya uwanja huku baba yake akimwangalia kutoka mlangoni. Aliporudi akalivua. Blauzi ilikuwa kavu, hata chini ya mishono.

Mzee Tluway alilipapasa mgongoni, akatikisa kichwa kwa kukubali.

"Limepona. Sasa mwenyewe aje alichukue."

"Baba Veronika, unajua baba mkwe hafuati mke wa mwanawe."

"Simwambii amfuate mke wa mwanawe. Namwambia afuate koti lake."

Nikapiga simu. Sauti ya Baba Emanueli ilikuja na mvua nyuma yake.

"Koti limepona," nikasema.

"Lilete."

"Mwenye nyumba anasema uje wewe."

Ng'ombe akalia.

"Watu watasema nini?"

"Watasema umekuja."

Akakata. Mama Veronika akaniuliza, "Atakuja?"

"Kesho ongeza unga wa mtu mmoja," nikamwambia.

Aliyekuja na mfuko wa mbolea

Siku iliyofuata hakuja, na ugali ulibaki. Mzee Tluway aliuangalia ule ugali. Nikarudia: ongeza unga.

Alikuja kesho yake, mchana, mvua inamwagika. Tulisikia bodaboda, halafu tukamwona anashuka. Amevaa mfuko wa mbolea aliotoboa matundu ya kichwa na mikono. Maji yalikuwa yanatoka kwenye viatu vyake. Amekohoa njia nzima, dereva alisema. Mume wangu ambaye hajawahi kuvuka Dongobesh tangu ile siku ya mnada.

Mzee Tluway alimpokea, akamwonyesha kiti karibu na moto. Hakukaa. Alisimama pale mlangoni anadondoka maji, na Veronika alikuwa upande wa jikoni, amepiga goti kusalimu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Aliniangalia mimi, kama mtu anayetafuta mlango mwingine. Nikaangalia moto.

"Mafuta nilipaka mimi," akasema. Sauti ilikuwa ya kawaida, kama anataja ng'ombe wake. "Na panya niliwaita mimi. Lile neno nililosema mbele ya wale wazee, nitasema hivi hivi mbele yao, kwamba nilikosea."

Mvua ilikuwa inapiga bati.

Veronika akainuka. Alileta koti, limetundikwa kwenye mti wa kutundikia aliouchonga mwenyewe, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Baba, usilipake tena kondoo."

Mama Veronika akapaliwa na kicheko. Mzee Tluway alicheka kwanza, halafu Baba Emanueli naye, kikohozi na kicheko pamoja. Tukala.

Kurudi tuliondoka alfajiri ya siku iliyofuata, na mvua ilikuwa bado inasumbua. Veronika alifunga begi lake bila kuambiwa. Emanueli tulikuwa tumemwambia atusubiri Mbulu mjini. Nilichukua koti nikataka kumvisha mzee wangu, kwa ajili ya kifua. Alinisukuma mkono.

"Mimi nimelowa tangu jana, nguo hazijakauka. Nikilivaa sasa litalowa ndani, mtapata kazi nyingine." Akageuka upande wa mkamwana, akaangalia chini kama inavyotakiwa. "Avae yeye mpaka nyumbani."

Veronika alilivaa. Lilimfika magotini, mikono imefunika vidole. Mfuko wa mbolea Baba Emanueli alijivisha tena, mbele ya watu wote wa stendi ya Katesh, na kila aliyemkodolea macho, yeye ndiye aliyetangulia kumsalimu. Mpaka Daudi hakuuvua ule mfuko, na Veronika hakulivua koti.